Barabara ya Tutani



Wapendwa wasomaji, katika likizo ndefu iliyopita tulitumwa mafrateri watatu kufanya uchungaji Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Tuliporudi seminarini tuliombwa tuandike yale tuliyowafundisha waamini wa kule. Tulikaa, tukaorodhesha: mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kwaya, semina ya vijana. Orodha ilikuwa ndefu, lakini kila tulipoisoma tuliona kwamba jambo kubwa la likizo ile halimo. Jambo hilo lilitukuta njiani, tukiwa juu ya baiskeli. Ndilo tunalowaandikia leo.

Kwa asiyepafahamu Ubaruku: ukitoka Makambako kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya TANZAM, unafika Igawa. Hapo unaiacha barabara kuu, unaingia kulia kwenda Rujewa, makao makuu ya wilaya, kisha unaendelea hadi Ubaruku. Umeshaingia bonde la Usangu. Nyuma yako ni milima, mbele yako ni tambarare mpaka macho yachoke. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala inashuka kutoka milimani kuelekea Ruaha Mkuu, na watu wameyakamata maji yake njiani kwa mifereji ili walime mpunga. Tulifika mwishoni mwa Juni, mavuno yakiwa yamepamba moto. Mashine za kukoboa zilinguruma kutwa, mpunga ulianikwa kwenye maturubai kila penye nafasi, na malori ya Fuso yalipishana na bodaboda kwa vumbi na honi.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Baba Paroko alipotuonyesha baiskeli tatu zilizokuwa stoo, tulisikitika. Tulikuwa tumesikia kwamba parokia ina pikipiki, na kila mmoja wetu alikuwa ameshajiona juu yake, kanzu ikipepea. Kumbe pikipiki ilikuwa kwa fundi, injini imefunguliwa, na vipuri vinasubiriwa. Baiskeli zenyewe zilikuwa za kizamani, nzito, zenye karia ya chuma nyuma. Moja haikuwa na breki ya mbele, nyingine mnyororo wake ulikuwa unakatika. Mtoto mmoja wa utume aliposema kwa sauti, “Mafrateri wana baiskeli kama ya babu!” tulicheka naye, lakini moyoni ilituchoma. Tulikuwa tunaiona baiskeli kama chombo cha mtu aliyekosa kingine.

Aliyetuondoa katika mawazo hayo ni katekista wa parokia. Watu wote humwita Mwalimu, nasi tumwite hivyo. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, anachechemea mguu wa kushoto, lakini akishapanda baiskeli huoni kasoro yoyote. Siku ya kwanza ya kwenda kigangoni tulielekea barabara kubwa kama kawaida. Mwalimu akapiga kengele yake mara mbili, akatuita:

“Mafrateri, huko ni kwa magari. Sisi njia yetu ni huku.”

Akakata kona nyuma ya mashine za kukoboa, akapita katikati ya nyumba mbili, akapandisha kitutani, nasi tukajikuta juu ya tuta la mfereji.

Hatukuwa tumewahi kuona njia ya namna ile. Tuta lilikuwa na upana wa kutosha baiskeli mbili kwenda sambamba. Juu yake kulikuwa kumemwagwa moramu na changarawe zamani, sasa imeshindiliwa na miguu, kwato na matairi mpaka imekuwa ngumu na laini kiasi. Kushoto kwetu maji, kulia majaruba yaliyokwisha kuvunwa, ndege weupe wakiokota punje. Hakuna honi wala vumbi la lori. Ulisikia mnyororo wako mwenyewe, na ukizungumza na mwenzako huna haja ya kupaza sauti.

Tulipomuuliza Mwalimu kwa nini njia hii haichoshi, alicheka. Akatuambia tuyatazame maji. Mfereji huchimbwa ili maji yateremke polepole sana. Yakienda kasi yanakula kingo, yakisimama yanaacha matope. Kwa hiyo anayeuchimba anatafuta mteremko mdogo kabisa, na anayepita juu ya tuta lake anarithi mteremko huo bila kutoa jasho. Ndivyo ilivyo na reli pia. Treni haiwezi kupanda kilima kama mbuzi, hivyo wajenzi wake huzunguka, hukata, hujaza na kutoboa mahandaki ili njia ibaki karibu na usawa.

Mfano wa reli haukuwa wa mbali. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita upande wa kusini wa bonde hilihili, ikishuka kutoka Makambako na kupitia Chimala kwenda Mbeya. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, kwa msaada wa nchi hiyohiyo, lilijengwa shamba kubwa la mpunga la Mbarali na mifereji yake, na wakulima wadogo wakaendelea kulima pembeni mwake. Kwa hiyo kizazi kimoja cha Watanzania na wageni wao kilitandika juu ya bonde hili njia mbili zisizo na vilima: moja ya chuma na moja ya maji. Ya chuma bado inafanya kazi, si mahali pa kuchezea wala kupitisha baiskeli. Ya maji, wanyonge wameigeuza kuwa barabara yao.

Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Nachingwea. Aliposikia habari hiyo alitusimulia kwamba kwao ilikuwapo reli ambayo sasa haipo. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, mpango ulioanza 1947 na kuachwa 1951 kwa hasara kubwa. Reli ilidumu kidogo baada ya karanga, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Wazee wa kwao bado humwonyesha mtoto mahali ilipopita. Katika nchi nyingine, reli zilizokufa hupewa kazi mpya. Hispania, tangu 1993, wana mpango wa kugeuza njia za reli zilizoachwa kuwa njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, bila magari. Wako Wakristo wanaokwenda hija Santiago de Compostela kwa baiskeli, na ili kupewa cheti cha hija lazima wawe wameendesha angalau kilomita 200. Mwenzetu alisema, “Kwetu karanga zilikufa na njia ikafa nazo.” Tulikaa kimya kidogo. Mtu anaweza kujenga kitu kwa ajili ya faida, faida ikashindikana, lakini njia ikabaki na maana kama kuna watu wanaoipenda.

Na tuta la Ubaruku lina watu. Asubuhi tulikutana na wanafunzi waliobebana wawili kwenye baiskeli moja, akina mama wenye mabeseni ya samaki wabichi kichwani, vijana wanaosukuma baiskeli zenye gunia la mpunga. Wafugaji walikatiza na ng'ombe wao mahali palipo na kivuko. Kwa kuwa njia ni nyembamba na pembeni kuna maji, kuna sheria zake, ingawa hazijaandikwa popote. Mwenye mzigo hapishi, anapishwa. Kijana hushuka ili mzee apite. Na hakuna anayepita bila kusalimia. Katika wiki ya kwanza tulikuwa tunahesabu “Shikamoo” na “Kamwene” tulizotoa na kupokea. Tukafika hamsini kwa safari moja, tukaacha kuhesabu. Salamu hazikuishia kwenye salamu. “Frateri, mama mkwe wangu anaumwa, mpiteni.” “Frateri, yule mtoto wa Komunyo ya Kwanza ameacha kuja kwa sababu hana viatu.” Tulipofika kigangoni tulikuwa tumeshajua habari za kigango.

Kulikuwa na bibi mmoja ng'ambo ya mashamba, haoni vizuri, hawezi tena kutembea. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kupokea huduma ya ukolito, hivyo Baba Paroko alimruhusu kumpelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa. Tulikwenda wote watatu, pamoja na Mwalimu. Bibi alikuwa anatutambua kwa kengele. Alikuwa anasema kwamba akisikia kengele ya kwanza kule kwenye kivuko, anaanza sala ya kutubu, na tukifika mlangoni anakuwa amemaliza. Asubuhi ya siku hiyo hakuwa anakula hadi apokee. Tulimweleza mara nyingi kwamba Kanisa halimfungi mgonjwa kwa kanuni ya kufunga, lakini alijibu, “Mwanangu, mgeni huyu namngoja na njaa yangu.”

Sasa tufike kwenye Ijumaa ile ya Agosti. Mwalimu alikuwa amekwenda msibani. Tulitoka kwa kuchelewa, maana mmoja wetu alikuwa ameziba pancha kwa kiraka ambacho hakikushika, ikabidi aanze upya. Tulipofika katikati ya njia tukakuta tuta limekatwa. Mtu alikuwa amechimba mtaro kuvuka njia ili maji yaende upande wa pili, kwenye bustani yake. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu, kingo zinamomonyoka, na upana ulikuwa umeshafika hatua tatu au nne. Tungeweza kuvua viatu, kubeba baiskeli na kuvuka kwa subira. Tungeweza pia kumtafuta mwenye bustani. Lakini tulikuwa na haraka, na tuseme pia kwamba tulikuwa na hasira. Tukageuza, tukarudi hadi barabara kubwa.

Wale wanaoendesha baiskeli kwenye barabara zetu wanajua. Gari likija nyuma yako unalisikia kabla hujaliona, na unaanza kuomba. Tulikuwa tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, mwenye Ekaristi akiwa katikati ili tumlinde. Fuso moja lililojaa magunia lilikuwa linalipita Fuso jingine. Halikutugusa. Upepo wake tu na woga wetu vilitosha. Yule wa katikati alitoka nje ya lami, gurudumu likazama kwenye kokoto, akaanguka mtaroni. Tulipomfikia alikuwa amelala ubavu, mkono wa kulia ameukunja vibaya chini yake, na mkono wa kushoto ameukaza kifuani palipofungwa kichombo cha Ekaristi. Alikuwa anatuuliza kama kimefunguka. Hakikuwa kimefunguka. Mfupa wa mkono ndio uliovunjika, karibu na kiganja.

Lori halikusimama. Hatudhani dereva alijua. Huenda mpaka leo hajui.

Mwenye bodaboda mmoja, Mwislamu, alisimama, akamchukua mwenzetu hadi hospitali, akakataa nauli. Wawili tuliobaki tulimrudishia Baba Paroko Ekaristi na kumweleza yaliyotokea. Siku hiyo alikuwa na mazishi na ndoa mbili za kuandaa. Alikwenda mwenyewe kwa Bibi saa moja usiku, kwa gari la kuazima. Alimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, hajala tangu asubuhi. Bibi hakulalamika. Aliuliza tu, “Mbona leo sikusikia kengele?”

Swali hilo Baba Paroko alituletea mezani usiku ule, nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwepa mtaro wa hatua nne, na mtu mwenye njaa akangoja kutwa nzima.

Kesho yake Mwalimu alirudi kutoka msibani. Hakutugombeza. Alikaa na mwenzetu aliyefungwa plasta, akapandisha suruali yake hadi gotini, akatuonyesha kovu refu lililopinda. Miaka mingi iliyopita, alisema, alikuwa anarudi usiku kutoka kufundisha kwenye kigango kilicho karibu na barabara kuu. Gari lilimgonga, likaenda. Alilala pembeni hadi alfajiri. Akasema maneno ambayo tumeyabeba hadi seminarini: “Gari lile halikuwa na ubaya na mimi. Halikunisalimia tu. Ukishafika mwendo ambao huwezi kumsalimia mtu, ujue pia huwezi kumwona.”

Tulimuuliza tufanye nini na yule aliyekata tuta. Tulidhani atasema tumpeleke kwa viongozi. Alisema, “Twende tukamsalimie.”

Alikuwa mama mwenye watoto wanne, amekodi kipande cha ardhi analima vitunguu na mchicha. Alikuwa amepewa zamu ya maji, lakini hakuwa na bomba la kuyavusha chini ya njia, hivyo alichimba kwa jembe akidhani atafukia jioni. Maji yalimzidi nguvu. Aliposikia habari ya mkono uliovunjika aliweka jembe chini, akalia. Nasi hasira tuliyokuja nayo hatukujua tuiweke wapi. Tulikuwa tumemfikiria kama adui wa njia, kumbe alikuwa mtu ambaye tulikuwa tunampita kila Ijumaa, tukimpa salamu, bila kuuliza habari za bustani yake.

Jumapili, baada ya Misa, Mwalimu alizungumza na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Wakulima wanaogawana maji ya mfereji ule, Wakatoliki, Walutheri, Wamoraviani na Waislamu, walikubali. Zilichangwa pesa kidogo kidogo. Tukanunua kipande cha bomba kubwa la plastiki, tukalilaza chini ya njia, tukajaza mawe, udongo wa mfinyanzi na moramu juu yake, tukashindilia kwa vigogo. Kazi ilichukua Jumamosi moja kutoka asubuhi hadi saa tisa. Mama wa vitunguu alitupikia makande. Mwenzetu mwenye plasta alikuwa anatuhesabia karai za moramu na kutukosoa. Ijumaa iliyofuata kengele zililia kwenye kivuko, tatu badala ya nne, kwa kuwa mmoja wetu alibebwa kwenye karia ya Mwalimu.

Tangu turudi seminarini tumekuwa tukitafakari mambo haya mbele ya Maandiko. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walikuwa wanakwenda kwa miguu, na Bwana aliwakaribia kwa sababu mwendo wao uliruhusu mtu wa tatu kuingia katika mazungumzo. Filipo alipotumwa kwa Mwethiopia, Matendo ya Mitume yanasema alitumwa kwenye barabara ya jangwa, ile isiyo na msongamano, naye alikimbia kando ya gari la farasi hadi akasikia mtu anasoma. Uinjilishaji ule ulianzia kwenye mwendo ambao sikio bado linasikia.

Mama Kanisa naye ameliona suala la barabara. Mwezi Juni 2007 ofisi ya Vatikani iliyokuwa ikihusika na wahamiaji na wasafiri ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake zimo amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ni ileile tunayoijua, kutoua. Ya pili inataka barabara iwe mahali pa ushirika kati ya watu, isiwe pa kudhuriana. Tulipoisoma tulikumbuka tuta. Waendesha baiskeli nao wana msimamizi wao: mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, kaskazini mwa Italia, kuwa msimamizi wao. Na wana shujaa wao, Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Wakati wa vita, miaka ya 1943 na 1944, alibeba hati za bandia ndani ya bomba za baiskeli yake kati ya Firenze na Assisi ili kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wanasakwa. Wanajeshi walidhani anafanya mazoezi. Tangu tumjue huyu, hatuoni tena haya kuonekana kwenye baiskeli. Chombo hakimfanyi mtu kuwa mdogo. Inategemea anabeba nini na anampelekea nani.

Hatusemi mapadre wauze magari. Usiku ule Bibi alipata Komunyo kwa sababu gari lilipatikana, na mwenzetu alifika hospitali kwa pikipiki. Mgonjwa mahututi hangoji kengele ya baiskeli. Tunasema hili tu: pale penye njia isiyo na magari, tuipite, na tuitunze. Njia kama hii haina ofisi inayoiangalia wala bajeti. Ikikatwa leo na kila mtu akageuza kama sisi, baada ya masika mawili haipo, na watoto wa shule watahamia pembeni mwa Fuso. Parokia yenye vigango vya mbali iulize katekista wake anapita wapi. Jumuiya itenge siku moja kwa mwaka, kabla ya mvua, kufukia mashimo na kuweka bomba panapohitajika. Ndugu dereva unayesoma haya, ukiona baiskeli mbele yako, punguza mwendo hadi uone uso. Nasi mafrateri tunaotamani pikipiki, tuanze kwa kujifunza kuziba pancha.

Mkono wa mwenzetu umepona, ingawa ukiwa na baridi humsumbua akiandika. Tunampigia Mwalimu simu kila mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho alituambia mvua zimeanza, bomba linapitisha maji vizuri, na vitunguu viliuzwa. Bibi bado anangoja kila Ijumaa. Sasa anayekwenda ni Mwalimu na mhudumu mmoja wa Ekaristi wa kigango, na kwa kuwa Bibi aliuliza sana tulikokwenda, Mwalimu hupiga kengele mara tatu zaidi pale kwenye kivuko, moja kwa kila frateri.

Tuombeane.